Muulize Mhazini: Buku mbili za hiari, kila mwezi

Barua za mwezi huu zimegongana kwenye jambo moja: kuwachangia kwa hiari, mwezi baada ya mwezi, watu wanaotutengenezea vipindi, hadithi na video mtandaoni bila kuajiriwa na redio wala gazeti. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko mhariri alivyotaka, kwa sababu mwandishi wake amegusa jambo ambalo nimelishika kwa mikono yangu.

*

*Mama Mhazini, shikamoo. Mimi ni fundi simu hapa Tanga. Jumapili natembea na simu yangu na maiki ndogo, nawarekodi wazee wakieleza mitaa yetu ilivyopata majina na nani aliishi wapi, kisha napandisha YouTube. Waliojisajili hawajafika elfu moja, kwa hiyo matangazo sipati. Watazamaji, hasa walio nje ya nchi, wananiandikia: weka namba, tukuchangie kila mwezi. Mama yangu anasema huko ni kuomba, na kwetu hatuombi. Je, ni kuomba? Na kama si kuomba, nianzie wapi, kwenye mtandao wa michango wa Patreon au M-Pesa? Nifunge baadhi ya video ili walipao tu wazione?* — Fundi wa Ngamiani, Tanga

Marahaba, mwanangu. Mpe mama yako salamu zangu, halafu umuulize kwa adabu: enzi zake, alipokwenda kwenye taarabu, pochi ilirudi nyumbani na hela zilezile? Tanga ni mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Sidhani kama kuna mwanamke wa rika langu mjini humo ambaye hajawahi kuinuka kitini, akacheza taratibu hadi mbele, akamtuza mwimbaji noti mkononi.

Mimi nilikuwa mhazini wa kikundi cha taarabu hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na daftari la tuzo nilikuwa nalo mimi. Kiingilio kililipwa mlangoni na kila mtu. Tuzo ilitoka kwa aliyeguswa. Aliyekaa kitini tangu mwanzo hadi mwisho bila kutoa shilingi alisikia wimbo uleule, beti zilezile, na hakuna aliyemtazama kwa jicho baya. Hicho ndicho unachoombwa ukifungulie mlango. Anayeomba hunyoosha mkono kabla ya kufanya lolote. Wewe video imeshapanda, mtu ameshaitazama, na yeye ndiye anayekutafuta wewe.

Sasa nikwambie na upande wa pili, ambao mama yako pengine anaujua kuliko anavyosema. Waliotuza hawakutuza wote kwa mapenzi ya sauti. Mwanamke mwingine alisubiri ubeti mmoja tu, ule wenye kijembe, ndipo akainuka, ili mwenzake aliyekaa meza ya tatu ajue wimbo umemfikia. Na palikuwa na wafadhili wanaume, hao wakitoa kwa mkupuo kuliko ukumbi mzima. Kikundi kikizoea noti za mtu mmoja, mazoezi ya wiki inayofuata yanaanza na nyimbo anazozipenda yeye. Nimeyaona. Hakuna aliyetoa amri, mambo yalijipanga yenyewe.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza kwako: weka dari. Sema hadharani kwamba hupokei zaidi ya kiasi fulani kutoka kwa mtu mmoja kwa mwezi. Unarekodi majina ya mitaa, mwanangu, na majina ya mitaa yana wenyewe. Siku moja atatokea mheshimiwa au mfanyabiashara atakayekutumia laki tano na ujumbe mzuri wa pongezi, na wiki mbili baadaye atakukumbusha kwamba mtaa fulani kwa hakika uliitwa kwa jina la babu yake. Watu mia moja wa buku mbili hawawezi kukubaliana juu ya babu wa kumpachika.

Kufunga video, sikushauri. Najua wapo waandishi wa riwaya wanaotupia sehemu za mwanzo bure Facebook, kisha anayetaka kuendelea anatuma hela na kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Hiyo ni biashara halali, na wengine wanalea watoto kwayo. Lakini mwandishi wa riwaya anauza alichokibuni mwenyewe. Wewe unabeba kumbukumbu za mzee wa Makorora. Ukizifunga, wa kwanza kukwama mlangoni atakuwa mjukuu wa mzee huyohuyo, asiye na bando wala buku mbili.

Na hapa nakuuliza jambo ambalo hukuliandika: wazee wanapata nini? Kabla hujatangaza namba, amua fungu lao. Mimi ningetenga sehemu ya kila mwezi, iwe ndogo kiasi gani, iwafikie waliorekodiwa mwezi ule, kama hela au kama sukari na sabuni, na ningeliandika hilo kwenye maelezo ya chaneli ili kila anayechanga alijue. Watoto wa wazee hao nao wana simu. Wakiona unachangiwa dola kutoka Minneapolis na baba yao hajaletewa hata majani ya chai, Jumapili utakuta milango imefungwa.

Tuje kwenye njia za hela. Patreon ilianzishwa Marekani mwaka 2013 na Jack Conte, mwanamuziki, pamoja na mwenzake Sam Yam. Conte alikuwa amemaliza akiba yake kutengeneza video moja ya muziki yenye maroboti na jukwaa lililofanana na chumba cha marubani wa chombo cha anga. Video ikapendwa, hela ya matangazo haikukaribia hata gharama. Ndipo likaja wazo la kuwaomba mashabiki wake wamlipe moja kwa moja. Namwelewa sana. Ila wewe angalia hesabu ilivyo leo. Anayefungua ukurasa mpya anakatwa asilimia 10 na Patreon, halafu kuna makato ya kadi ya benki, halafu ya kubadilisha fedha, halafu ya kuitoa. Mtu akikuwekea dola 5, senti 50 ni za Patreon, senti 45 hivi au zaidi ni za kadi, unabaki na kama dola 4 ambazo bado hazijavuka bahari.

Makato ya asilimia si tatizo kubwa. Yanayoua hela ndogo ni yale ya kiasi kimoja kwa kila muamala. Desemba 2017 Patreon walitangaza kwamba kila anayechanga ataongezewa asilimia 2.9 na senti 35 juu ya kila mchango. Kwa mtu wa dola 50 hiyo ni kama hakuna. Kwa mtu aliyekuwa akigawa dola moja moja kwa watengenezaji kumi, kila dola ikawa dola 1.38. Watu walianza kujitoa kwa wingi, na waliopoteza hela walikuwa wasanii wadogo waliokuwa wakiishi kwa hizo dola moja moja. Haikupita wiki mbili kampuni ikaomba radhi na kuuacha mpango huo. Ukitaka kujua mfumo wowote wa michango unampenda nani, usisome tangazo lake, piga hesabu ya anayetoa kidogo kuliko wote.

Kwa hiyo gawa watu wako. Walio nje watumie Patreon, kuanzia dola 5, usiweke daraja la dola moja. Hela utaitoa kwa Payoneer, huduma ya kuhamisha fedha, kwenda benki yako ya hapa. Usihangaike na PayPal, kwa sababu akaunti ya PayPal ya Tanzania imekuwa ya kulipia, si ya kupokelea. Substack, mtandao wa majarida ya barua pepe, utaiacha vilevile: inalipa kupitia Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi, na Stripe haifungui akaunti kwa mtu aliyeko Tanzania. Vijana wengi wanapoteza wiki nzima kujaza fomu kabla ya kufika kwenye ukurasa unaowaambia hivyo.

Walio nyumbani, Lipa Namba, ile namba ya malipo ya biashara. Usiweke namba yako ya simu ya kawaida. Kwanza itakuletea maombi ya mikopo usiku. Pili, mtu akikutumia kwa namba ya kawaida anaanza kujiuliza kama atume na ya kutolea, na buku mbili yenye ya kutolea inakuwa mzigo. Tatu, matapeli. Siku utakapotangaza namba, kesho yake kuna mtu atafungua ukurasa wenye picha yako na kuandika "namba imebadilika, ile hela tuma humu". Dawa yake ni kulitamka ndani ya video, kwa sauti yako: jina litakalotokea kwenye simu ya mlipaji ni hili, likitokea jingine, usibonyeze. Maandishi chini ya video yanaigwa kwa dakika moja. Sauti yako ikiwa imekaa katikati ya mazungumzo ya mzee, ina kazi zaidi kuiiga.

Shida ya Lipa Namba ni kwamba haijikati yenyewe kila mwezi kama kadi. Mtu lazima akumbuke. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanageuka kamati ya harusi: "Ndugu, unakumbushwa ahadi yako." Usimkumbushe mtu mmoja mmoja hata siku moja. Tangaza mara moja kwa mwezi, mwishoni mwa mwezi mishahara ikiwa imetoka, sentensi mbili, basi. Januari usitangaze kabisa. Januari kila mtu ana ada za shule na aibu zake.

Badala ya kukumbusha, toa hesabu. Kila mwisho wa mwezi andika: zimeingia kiasi gani, nauli ya kwenda Pangani na kurudi kiasi gani, bando kiasi gani, fungu la wazee kiasi gani, imebaki kiasi gani. Usitaje nani katoa ngapi. Kwenye ukumbi wa taarabu kila mtu aliona noti, na nimeshakwambia yaliyofuata. Wala usianze kuahidi fulana, vikombe na salamu za majina. Utajikuta Jumapili uko kwa fundi wa kuchapa fulana badala ya kuwa kwa mzee wa Chumbageni, na yule mzee hana Jumapili nyingi.

Mambo mawili ya serikali, nitayapita haraka. Ukifika watu 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, YouTube itakufungulia matangazo na kukupa fomu ya kodi ya Marekani. Ijaze. Tangu Juni 2021 wanakata kodi kwenye hela inayotokana na watazamaji walio Marekani, na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, ni asilimia 30 ya sehemu hiyo. Usipojaza, wanaweza kukata asilimia 24 ya kila kitu, hadi hela inayotokana na mtazamaji wa Korogwe. La pili ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwashtua wengi, maana ombi lilikuwa shilingi 100,000, leseni milioni moja, na milioni nyingine kila mwaka. Zilifutwa na kuwekwa mpya 2020, nazo zikarekebishwa 2022. Waandikie kabla ya kuanza kupokea, uwaeleze unachorekodi, wakujibu kwa maandishi upo kundi gani. Karatasi hiyo itunze kuliko maiki.

Mama akiendelea kukataa, usitumie akaunti yenye jina la familia. Tumia jina la chaneli. Atakuja kutulia mwenyewe siku wazee wenzake watakapomsifu mtoto wake aliyewapelekea sukari.

*

*Assalaam aleikum Bi Mhazini. Nipo Muscat, wazee wangu wametoka Unguja. Wanangu wanasikiliza ngano za "paukwa" anazosimulia binti mmoja wa kwetu, na ndizo zinazowafanya wasisahau Kiswahili, maana shuleni ni Kiarabu na Kiingereza tupu. Namlipia kila mwezi Patreon kupitia iPhone. Binamu yangu anamlipia huyohuyo kwa kompyuta na kiasi chake ni kidogo kuliko changu. Nani ananiibia?* — Mama wa watatu, Muscat

Waalaykumu salaam, mama. Hakuna aliyeiba, ila umepita mlango wenye mtoza ushuru. Mtu akijiunga Patreon kupitia programu ya iPhone, Apple wanachukua hadi asilimia 30. Utaratibu huo waliulazimisha kuanzia Novemba 2024, na Patreon wakawapa watengenezaji uchaguzi: ama bei ya kwenye iPhone ipande ili anayelipa abebe ushuru, ama bei ibaki ileile na msimulizi akatwe yeye. Binti wa ngano amechagua la kwanza. Usimlaumu. Wengine wamechagua la pili kimyakimya, na wachangiaji wao hawajui kwamba karibu theluthi ya hela inaishia California kabla Patreon hawajachukua chao.

Sitisha ulipaji wa sasa, subiri mwezi uliolipia uishe, kisha jiunge upya kupitia kivinjari, Safari au Chrome, hata kwa simu hiyohiyo. Apple wanakata kile kinacholipiwa ndani ya programu ya iPhone tu. Ukishajiunga kwa kivinjari, ngano mtaendelea kuzisikiliza kwenye programu kama kawaida. Na kama msimulizi ameweka malipo ya mwaka, lipa ya mwaka. Kadi inakatwa mara moja badala ya mara kumi na mbili, naye anapata hela ya mkupuo inayoweza kununua kitu.

Njia nyingine, ambayo ndugu zetu wengi wa Oman wanaitumia kwa mambo ya nyumbani, ni kutuma kwa duka la kubadilisha fedha hadi kwenye simu yake Zanzibar. Hapo usitume kila mwezi, kwa sababu ada ya kutuma haijali udogo wa hela. Kusanya ya miezi minne au mitano. Lakini muulize kwanza. Wasimulizi wengine wanapenda kiasi kidogo chenye uhakika wa kila mwezi kuliko kikubwa kisichojulikana kitafika lini, kwa sababu ndicho wanacholipia bando na umeme.

Nimefurahi kusikia kuhusu hao watatu. Wakilizoea "paukwa" la mtandaoni, waambie na wao wamrekodie binti wakijibu "pakawa". Nadhani atalipenda hilo kuliko dola.

*

*Bi Mhazini, salamu. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikimtumia kijana mmoja shilingi 200 kwa Till, ile namba ya malipo ya biashara ya M-Pesa, kila mwisho wa mwezi. Anatengeneza kipindi cha sauti kuhusu kivuko, maji na mambo ya kaunti, na hakuna stesheni inayosema anayoyasema. Sasa kanyamaza miezi miwili, ujumbe hajibu. Mke wangu anasema nimeliwa. Pia nasikia KRA, watu wa kodi wa Kenya, inawakata. Niendelee?* — Msafiri wa feri, Likoni, Mombasa

Salamu zimefika, kaka. Acha kutuma, na usimtukane. Ulichokuwa ukitoa ni kwa vipindi ulivyokwisha kuvisikia, na hivyo hakuvirudisha tumboni. Hukununua mwaka mzima mbele. Mkeo aelewe hivyo: hujaliwa, umelipia ulichokula. Mtu mmoja anayefanya kazi ya mwandishi, mhariri, fundi mitambo na mhasibu akiumwa, kipindi kimeumwa. Akifiwa, kipindi kimefiwa. Stesheni ina watu wa kushika zamu, yeye hana. Kwa aina ya mambo anayoyasema, inawezekana pia ana sababu ya kukaa kimya asiyoweza kuiandika kwenye ujumbe. Mtumie maneno mafupi ya kumjulia hali, bila kutaja hela kabisa.

Alichokosea, kama hayo hayakumpata, ni kutowaambia. Sentensi moja inatosha: nimesimama, msitume mpaka niseme. Patreon ina kitufe cha kusitisha makato ya mwezi, Till haina, kwa hiyo mdomo ndio kitufe. Vijana mnaonisoma mnaopokea hela za watu, lishikeni hili. Hela ikiingia mwezi ambao hukufanya kazi, itangaze na iseme itakwenda wapi.

Kuhusu KRA, umesikia sawa. Tangu tarehe 1 Julai 2023 Kenya ina kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla hela haijamfikia anayelipwa, ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali. Muswada uliingia bungeni ukiwa na asilimia 15, ukashushwa. Tafsiri ya sheria yenyewe ni pana. Haikuishia kwenye matangazo na udhamini, imetaja hata huduma ya kujisajili ambayo wasikilizaji wanailipia ili kumuunga mkono mtengenezaji, na michango ya kufadhili mradi wake. Kwa hiyo kijana wako akirudi na wasikilizaji wakaongezeka, amtafute mhasibu mapema. Shilingi 200 zako hazitamfilisi mtu, ila mia mbili za watu mia tano kila mwezi ni kipato, na kipato kina marejesho ya kodi ya kila mwaka.

Zile 200 za miezi aliyonyamaza usizilimbikize ukidhani utamlipa deni akirejea. Hudaiwi. Anza upya mwezi atakaotoa kipindi, na kama mkeo hakisikilizi, mwekee sauti kubwa ile sehemu ya maji siku ambayo bomba lenu limekauka.